Kijani kinachorudi: maswali ya wasomaji kuhusu mwani kwenye bwawa la kuogelea

Barua za safari hii kuhusu mabwawa ya nyumbani zina lalamiko linalofanana: dawa ilimwagwa, maji yakang'aa, na baada ya siku chache kijani kikarudi. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu nyingine karibu zote zinaiegemea, kwa hiyo hata kama tatizo lako si hilo, anza nayo.

SWALI: Bwawa langu lina urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5. Ni la plasta, na chujio ni la mchanga. Ndani ya mwezi mmoja nimemwaga klorini ya chenga mara tatu, kilo moja kila mara. Maji yanageuka kijivu, yanatulia, halafu siku ya nne au ya tano kuta zinaanza kuteleza tena. Siku za kawaida natumia vidonge vikubwa vya gramu 200, viwili kwa wiki. Nimeambiwa nina mwani sugu na ninunue dawa maalumu ya kuua mwani. Nifanyeje?

JIBU: Usinunue kitu bado. Dalili ulizoeleza ni za mwani wa kijani wa kawaida, ambao klorini huumaliza bila taabu. Tatizo ni kwamba klorini yako imefungwa mikono, na kilichoifunga ni hivyo vidonge.

Vidonge vya aina hiyo vina klorini iliyounganishwa na asidi ya sayanuriki. Asidi hiyo ina faida yake: huikinga klorini na jua, maana klorini isiyo na kinga kwenye jua kali hupotea zaidi ya nusu kwa muda wa saa moja. Hapa tutaiita kinga-jua. Lakini kinga-jua hiyohiyo huishikilia klorini, na kadiri inavyozidi ndivyo klorini inavyoua polepole. Tena haipungui yenyewe kama klorini. Haivukizwi na jua wala kunaswa na mchanga wa chujio. Maadamu klorini haijaisha kabisa, hutoka pale tu maji yanapotoka. Kila vidonge vinapoleta miligramu 10 za klorini kwa lita, vinaacha miligramu 6 za kinga-jua. Bwawa lako lina lita 48,000 (8 × 4 × 1.5 ni mita za ujazo 48), kwa hiyo kila kidonge cha gramu 200 kinaongeza kinga-jua kwa zaidi kidogo ya miligramu 2 kwa lita. Vidonge viwili kwa wiki kwa miezi sita ni zaidi ya 100, ukiacha kiasi kinachotoka unapoosha chujio.

Sasa angalia kilo moja uliyomwaga. Mwani ukishalishika bwawa, klorini huru (ile ambayo bado haijaungana na uchafu) inatakiwa ifike kama asilimia 40 ya kinga-jua na ibaki hapo siku kadhaa. Kinga-jua ikiwa 100, unahitaji klorini 40. Kilo moja ya chenga zenye nguvu ya asilimia 65 ndani ya lita 48,000 inaleta 13.5 tu. Uliua mwani uliokuwa ukielea, ndiyo maana maji yaligeuka kijivu, lakini ule ulioshika kuta ulibaki hai. Kesho yake jua likala klorini iliyosalia, na mwani ukaanza upya.

Kwa hiyo pima kinga-jua kabla ya lolote. Vikaratasi vya rangi havifai kwa kazi hii, hukosea mno. Tumia kipimo cha doti nyeusi: changanya maji ya bwawa na dawa yake kwa kiasi sawa, acha mchanganyiko uwe mweupe, kisha umimine taratibu kwenye kichupa chenye doti nyeusi chini mpaka doti isionekane tena. Fanya nje mchana, jua likiwa mgongoni na kichupa kikiwa kwenye kivuli cha mwili wako, la sivyo jibu litayumba.

Ukikuta 100, toa nusu ya maji na ujaze mapya. Kinga-jua itashuka hadi 50, na klorini unayohitaji itashuka kutoka 40 hadi 20. Ni afadhali kulipia maji mara moja kuliko kulipia klorini maradufu kwa wiki nzima. (Kabla ya kufungua maji, soma jibu fupi la kulikausha bwawa hapo chini.)

Baada ya hapo kazi yenyewe iko hivi. Ondoa vidonge vyote vilivyomo ndani ya skima (mdomo wa ukutani unaovuta maji na takataka za juu). Opoa majani na takataka zote za chini kwa wavu, hata kama huzioni. Klorini haichagui, itapoteza nguvu zake kwa majani yaliyooza kabla haijaufikia mwani. Shusha pH (kipimo cha uasidi wa maji) hadi kati ya 7.2 na 7.4, na ufanye hivyo mapema, kwa sababu klorini ikishapita 10 kipimo cha pH hudanganya na kuonyesha juu kuliko ilivyo. Ukishaanza kuweka klorini nyingi, usiguse tena pH mpaka klorini ishuke.

Hesabu ya klorini si ngumu. Zidisha mita za ujazo kwa miligramu unazotaka kuongeza, kisha gawanya kwa nguvu ya dawa yako. Kwa chenga za asilimia 65: 48 × 20 ÷ 0.65, yaani karibu kilo 1.5. Kwa klorini ya maji ya asilimia 10: mililita 10 kwa kila mita ya ujazo kwa kila miligramu, yaani 48 × 20 × 10, ambazo ni lita 9.6. Klorini ya maji hupungua nguvu ikikaa, hasa mahali pa joto, basi nunua iliyotoka kiwandani karibuni na usiweke akiba ya miezi. Chenga zikoroge kwanza kwenye ndoo: maji yatangulie, chenga zifuate, kamwe si kinyume chake. Mwaga mbele ya tundu la kurudishia maji, pampu ikiwa inafanya kazi, jua likishatua.

Kisha sugua. Kuta, sakafu, pembe, ngazi kwa nyuma, mdomo wa skima, chini ya ukingo wa vigae. Mwani hujifunika ute, na ute huo ndio unaoteleza. Brashi inaupasua na klorini inapata kuingia. Sugua kila siku, hata siku ambayo unaona kuta zimetakata.

Wengi hushindwa katika hatua inayofuata, kwa sababu wanadhani dozi moja kubwa inatosha. Katika maji ya kijani, klorini 20 ya jioni inaweza kuwa 5 asubuhi. Pima baada ya saa mbili au tatu siku ya kwanza, na kila inaposhuka irudishe 20. Siku ya pili itashuka polepole zaidi. Ukiikuta imeshuka hadi sifuri, ujue mwani umepata nafasi ya kupumua na umerudi nyuma siku moja. Kazi hii huchukua siku tatu hadi wiki, kutegemea kijani kilivyokolea.

Pampu iende usiku na mchana muda wote huo. Andika presha ya chujio likiwa safi. Ikipanda kwa robo, tuseme kutoka bari 0.8 hadi 1.0, zima pampu, geuza vali uoshe mchanga kwa kurudisha maji nyuma mpaka kioo cha kuchungulia kiwe cheupe, zima tena, suuza nusu dakika, kisha rudisha kwenye kuchuja. Usigeuze vali pampu ikiwa inaenda. Utapasua mpira wa ndani, na maji machafu yataanza kupita bila kuchujwa. Siku za kwanza utaosha chujio hata mara mbili au tatu kwa siku. Ni dalili nzuri: mwani uliokufa unatoka.

Usiache kwa sababu maji yamekuwa meupe. Acha pale mambo matatu yatakapotimia pamoja. Maji yawe angavu. Klorini iliyochoka, yaani ile iliyokwisha kuungana na uchafu, isizidi 0.5. Na klorini huru isipungue zaidi ya 1 usiku kucha: pima jua likishatua, pima tena kabla halijachomoza. Usiku hakuna jua la kuila klorini, kwa hiyo ikipungua kutoka 20 hadi 16, kuna kiumbe hai ndani ya bwawa kinachoila, hata kama hukioni. Kipimo hiki cha usiku ndicho tunachokiamini kuliko macho.

Ukishamaliza, iache klorini ishuke yenyewe, kisha iweke kati ya 4 na 6 kwa kinga-jua ya 50, na usiiruhusu kushuka chini ya 4. Tumia chenga au klorini ya maji kila siku. Vidonge vibakize kwa siku chache unaposafiri. Na tahadhari hii tafadhali ichukue kwa uzito: chenga na vidonge visikutane vikiwa vikavu wala vibichi, si kwenye ndoo moja, si kwenye kijiko kimoja, si ndani ya kifaa cha kutolea vidonge. Vikichanganyika vinaweza kuwaka na kulipuka. Asidi nayo ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu. Zihifadhi mbalimbali.

SWALI: Nimeweka klorini mara mbili ya kiasi kilichoandikwa, lakini kidonge cha kupimia hakigeuki waridi hata kidogo. Klorini inakwenda wapi?

JIBU: Kuna uwezekano wa aina mbili, na matibabu yake ni kinyume. Usiongeze hata gramu moja kabla ya kujua ni upi.

Wa kwanza ni kwamba klorini imezidi hadi kuivua rangi dawa ya kupimia. Hilo hutokea mara klorini inapopita 10. Ukitazama kwa makini utaona waridi ikimeta kwa sekunde moja kisha inafutika. Chukua sehemu moja ya maji ya bwawa, ongeza sehemu nne za maji yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na mvuke wake kupozwa uwe maji tena, pima, kisha zidisha jibu kwa 5. Ukiona waridi safi sasa, klorini ipo tele. Anayepigana na mwani anastahili kipimo cha kuhesabu matone, kile ambacho unaweka unga, maji yanakuwa waridi, halafu unadondosha tone baada ya tone mpaka rangi iondoke. Kinasoma vizuri hadi klorini 50, na bila hicho unafanya kazi gizani.

Uwezekano wa pili ni kwamba klorini inaliwa kweli, tena kwa dakika chache. Hili huonekana kwenye mabwawa yaliyotelekezwa kwa miezi. Klorini ikiisha kabisa, bakteria fulani huivunja kinga-jua na kuacha amonia. Dalili yake ni kwamba kinga-jua uliyokuwa nayo imetoweka bila maji kubadilishwa. Kipimo cha amonia kinachotumiwa na wafugaji wa samaki wa mapambo kitakuthibitishia. Tiba: ongeza klorini ya maji ya kufikisha 10, subiri dakika kumi, pima, ikiwa imebaki chini ya nusu, ongeza tena. Endelea hivyo, hata mara sita au saba, mpaka nusu yake ibaki. Hapo amonia imekwisha, ndipo weka kinga-jua ya 30 na uanze kazi ya mwani kama tulivyoeleza, ukilenga klorini 12.

SWALI: Ukuta wa upande wa kivuli una vumbi la manjano kama mchanga. Nikilisugua linaondoka mara moja, na baada ya siku mbili liko palepale. Maji yenyewe ni angavu.

JIBU: Kwanza hakikisha si mchanga. Ukipitisha brashi, mchanga huanguka chini papo hapo, lakini mwani wa manjano hutimka kama moshi na kuelea. Mchanga pia hauchagui kivuli. Hujikusanya karibu na tundu la kurudishia maji, na maana yake ni kwamba mabomba madogo ya chini ndani ya chujio yamepasuka.

Ikiwa ni moshi, basi huu ndio unaostahili kuitwa sugu. Huvumilia klorini ambayo wa kijani usingeweza kuivumilia, na hujificha mahali ambapo maji hayazunguki. Hiyo ndiyo siri ya kurudi kwake: unasafisha ukuta, mbegu zinabaki nyuma ya taa.

Zima umeme wa taa kwenye swichi kuu. Fungua skrubu ya juu ya taa, ivute nje ya tundu lake (waya wake kwa kawaida ni mrefu wa kutosha kuiweka ukingoni), na usugue tundu lote. Ng'oa ngazi, isugue pamoja na mashimo yake. Toa mlango mdogo wa skima. Kisha fanya kazi yote ya jibu la kwanza mpaka kipimo cha usiku kipite. Ukishapita, pandisha klorini hadi asilimia 60 ya kinga-jua kwa saa 24. Kwa kinga-jua ya 50 hiyo ni 30. Brashi, wavu, bomba la kuvutia uchafu, maboya na midoli yote viwe ndani ya maji muda huo, kwa sababu navyo vimebeba mwani. Nguo za kuogelea zifuliwe kando kwa sabuni. Mtu akisafisha bwawa vizuri kisha akarudisha brashi ileile isiyooshwa, ameupanda mwani upya kwa mkono wake.

SWALI: Kuna madoa meusi madogo kati ya vigae na kwenye plasta. Klorini haiyagusi. Ni mwani au ni doa tu?

JIBU: Kwangua moja kwa ukucha au kwa kisu butu. Likitoka na kupaka kidole rangi nyeusi yenye kijani, ni kiumbe hai. Lisipotoka, shikiza hapo kidonge cha vitamini C kwa nusu dakika. Doa likififia, ni madini ya chuma.

Kiumbe hai huyo kwa jina huitwa mwani mweusi, ingawa kwa kweli ni bakteria wanaotengeneza chakula chao kwa mwanga wa jua. Hujijenga kwa tabaka na hujishika ndani ya vitundu vya plasta na vya saruji ya kati ya vigae. Tabaka la juu likiuawa, linawafunika walio chini. Ndiyo maana unaona klorini haifui dafu, na ndiyo maana hapa brashi ni muhimu kuliko dawa.

Kwa plasta na saruji tumia brashi ya waya wa chuma kisichoshika kutu. Waya wa kawaida huacha vipande vidogo vinavyoota kutu na kukupa madoa mapya. Kwa bwawa la faibaglasi au lenye turubai ya plastiki tumia nailoni pekee. Lakini huko mwani mweusi ni nadra, hauna pa kujishika. Sugua kila doa mpaka kilemba chake kitoke, huku klorini ikiwa kwenye asilimia 40 ya kinga-jua. Rudia kila siku kwa wiki mbili, hata kama yanaonekana yamekwisha siku ya tano. Kwenye plasta nyeupe, doa linalogoma unaweza kulisugua moja kwa moja kwa kidonge cha klorini, umevaa glavu na miwani. Usifanye hivyo kwenye turubai wala plasta ya rangi: utaacha baka jeupe lisilofutika. Na kumbuka tahadhari ya chenga na vidonge. Kama siku hizo unatumia chenga, hakikisha zimeyeyuka zote kabla ya kuingiza kidonge ndani ya maji.

Plasta iliyochakaa na kukwaruza kama msasa itaendelea kuwapa makazi. Hapo subira na brashi vina mwisho wake, na kupiga plasta upya ndiyo dawa.

SWALI: Fundi ameshauri mrututu, anasema ni rahisi na mwani haurudi. Je, ni kweli?

JIBU: Mrututu huua mwani, kwa sababu una shaba. Hatuupendekezi. Robo ya uzito wake ni shaba, kwa hiyo gramu 48 tu katika bwawa la mita za ujazo 48 zinakuletea miligramu 0.25 kwa lita, na hicho tayari ni kiasi cha kutosha kuzuia mwani. Watu hawapimi gramu, wanamwaga mikono mitatu minne, na wanarudia kila mwezi. Shaba haipungui yenyewe ndani ya maji. Siku pH inapopanda inajitoa na kushika kuta kwa madoa ya samawati na meusi, na inashika nywele za waogeleaji. Nywele za kijani ambazo watu huilaumu klorini ni kazi ya shaba.

Kuna hatari nyingine. Klorini ikiingia kwenye maji yenye shaba, maji yanaweza kuwa kijani, na mwenye bwawa akidhani ni mwani anazidisha klorini, kijani kinazidi. Tofauti ni rahisi kuiona: maji ya mwani yana ukungu, ya shaba ni kijani lakini angavu kama chupa. Yaweke usiku kucha kwenye ndoo nyeupe. Mwani utaacha utando chini. Shaba haitaacha kitu, na kijani kitabaki ndani ya maji yenyewe. Ikiwa ni shaba, dawa ni kubadilisha sehemu ya maji.

Kuhusu dawa za dukani za kuua mwani: nyingi ni shaba hiyohiyo kwa jina lingine, au ni zile zinazotoa povu jingi. Isiyo na povu wala shaba inafaa kama kinga, mathalani kabla ya safari. Bwawa likishakuwa kijani, haitalitibu.

SWALI: Mwani umekufa, kipimo cha usiku kimepita, lakini ni wiki ya pili sasa maji ni kama ya wali. Nitumie shabu?

JIBU: Kabla ya shabu, litazame chujio. Mwani uliokufa ni chembe ndogo mno, na mchanga uliozeeka au uliotobokewa njia na maji hauzishiki. Fungua kifuniko: ukiona mashimo au mabonge magumu, maji yanapita hapo bila kuchujwa. Mchanga wa miaka zaidi ya saba ubadilishwe. Pia wengi wanaendesha pampu saa chache mno. Bwawa la mita za ujazo 48 na pampu ya mita 10 kwa saa huzunguka mara moja kwa saa 4.8, lakini maji yaliyochujwa yanachanganyika na yasiyochujwa, hivyo mzunguko mmoja unagusa kama asilimia 63 tu ya maji. Kufikia asilimia 95 unahitaji mizunguko mitatu, zaidi ya saa 14.

Kama chujio ni zima na huwezi kusubiri, shabu inafaa, ila tu ikiwa vali yako ina njia ya kumwaga maji nje moja kwa moja. Chujio la katriji bila njia hiyo litaziba kabisa. Tumia gramu 50 kwa kila mita ya ujazo, kilo 2.4 kwa bwawa la ukubwa tuliotaja. Yeyusha kwenye ndoo, nyunyiza juu ya maji yote, geuza vali izungushe maji bila kupita kwenye mchanga kwa saa moja, halafu zima pampu usiku kucha. Asubuhi utakuta zulia la kijivu sakafuni. Livute polepole, moja kwa moja nje, bomba la maji safi likiwa linajaza. Ukiharakisha, zulia linatimka na unaanza tena. Shabu hushusha ualikali (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe) kwa kama 25 na pH nayo hufuata, kwa hiyo pima baadaye. Soda ya kuokea gramu 17 kwa mita ya ujazo hurudisha 10, kwa hiyo kurudisha 25 zote kwa bwawa hilo unahitaji kama kilo 2.

MAFUPI

Je, si rahisi kulikausha bwawa lote na kuanza upya? Mara nyingi ni hatari. Maji ya chini ya ardhi yakiwa juu, bwawa tupu linaweza kuinuliwa na kupasuka, hasa la faibaglasi. Turubai nayo hujikunja na kusinyaa. Toa sehemu, jaza, pima, rudia. Msimu wa mvua usishushe maji bila fundi kuangalia ardhi.

Bwawa langu ni la chumvi, mbona lina mwani? Mashine ya chumvi hutengeneza klorini ileile, ila polepole. Haiwezi kulipandisha bwawa la kijani hadi kiwango cha kuua. Izime, fanya kazi kwa klorini ya maji, iwashe baada ya kipimo cha usiku kupita.

Nimeambiwa tatizo ni fosfati. Fosfati ni chakula cha mwani, kweli, lakini klorini inayotosha huua mwani ulioshiba na wenye njaa sawasawa. Dawa ya fosfati inunuliwe baada ya kinga-jua, klorini na chujio kukaa sawa, ikiwa bado unaihitaji.

Watoto wanaweza kuogelea wakati kijani ni hafifu? Hapana, na hapa hatuna nafasi ya kulegeza. Mtoto akizama kwenye maji yenye ukungu haonekani, hata kwa mtu aliyesimama ukingoni akitazama. Simama upande wa kina kirefu: kama huwezi kuhesabu vitundu vya mfuniko wa tundu la chini, bwawa limefungwa. Liendelee kufungwa mpaka klorini ishuke kwenye kiwango chake cha kawaida na pH iwe kati ya 7.2 na 7.8. Siku zote za matibabu geti lifungwe kwa kufuli, na ndoo za dawa zisiachwe ukingoni hata kwa dakika tano.